Cha Kudumu Kwenye Ndoo, cha Msimu Ardhini

Hotuba ya bibi shamba kwa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, Mbagala, Dar es Salaam

Mheshimiwa mwenyekiti wa mtaa, viongozi wa kikundi, wazee wangu shikamooni. Mama zangu, dada zangu, na nyinyi akina baba mliokaa karibu na mlango ili mkichoka mtoke bila kuonekana, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie viungo vya kupanda nyumbani: giligilani, nanaa, mrihani, mchaichai, rozimeri na jamaa zao. Katibu wenu aliponipigia simu aliniambia, "Bibi shamba, njoo utufundishe, ila ujue wengi wetu ni wapangaji." Maneno hayo ya mwisho ndiyo niliyoyashika. Mafunzo mengi ya bustani za nyumbani humlenga mtu mwenye kiwanja chake, uzio wake na bomba lake. Nyinyi mna uwanja mmoja kwa familia nne, kamba za nguo, kuku wa mwenye nyumba, na mkataba wa miezi sita.

Basi tuanzie hapo. Viungo viko vya aina mbili kubwa. Kuna vya msimu: vinaota, vinatoa maua, vinazaa mbegu na kufa ndani ya mwaka au chini ya hapo. Giligilani iko humo, uwatu umo, bizari nyembamba imo. Halafu kuna vya kudumu, ambavyo ukivikata vinachipua tena, mwaka unaisha na vyenyewe vipo: mchaichai, nanaa, rozimeri, mti wa majani ya mchuzi. Ushauri wangu kwa mpangaji unakwenda kinyume na ninavyoona watu wakifanya. Mtu ananunua mche wa kudumu kwenye kitalu cha barabarani, anauchimbia shimo ardhini kwa heshima zote, halafu mbegu za giligilani anazimwaga kwenye kopo la dirishani. Mimi nasema geuzeni. Cha kudumu kikae kwenye ndoo, cha msimu kikae ardhini.

Sababu ya kwanza ni kodi. Ndani ya miezi sita giligilani unaipanda, unaivuna, unaipanda tena na tena, na siku ukihama huachi kitu. Rozimeri ndani ya miezi hiyo ndiyo kwanza imezoea mahali. Ukiiweka ardhini umemlimia mpangaji ajaye, na huenda yeye hata hajui ni ya nini, ataing'oa aanike vyombo.

Sababu ya pili ni mwenye nyumba. Pwani yetu hii mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe, na si lazima awe mtu yuleyule. Wazee wangu hapa mnajua watu waliorithi minazi iliyosimama kwenye shamba la mwingine. Na eneo likitwaliwa, mazao ya kudumu huhesabiwa kwenye fidia. Kwa hiyo mwenye nyumba akikuona unachimba shimo la kupanda mti, hata kama ni huo wa majani ya mchuzi, moyo wake unashtuka. Hana roho mbaya, ila kuna kesi alizowahi kuzisikia. Ukimwambia, "Baba, hiki kiko kwenye ndoo, nikihama nahama nacho," mazungumzo yanaishia hapo. Tuta la giligilani la futi tatu halimnyimi mtu usingizi.

Ya tatu ni tabia ya mimea yenyewe, na hapa nitakaa kidogo.

Giligilani ina mzizi mkuu unaoshuka wima. Kwenye kopo fupi mzizi unagota, udongo unakauka kila mchana, na mmea ukishapata shida unakimbilia kutoa maua ili uache mbegu kabla haujafa. Ndiyo maana ya dirishani inawafikia kimo cha kidole na maua tayari yako kichwani. Nanaa iko tofauti kabisa. Ina mashina yanayotambaa juu na chini ya udongo, na kila kifundo kinatoa mizizi. Ukiiacha huru penye unyevu, miezi michache mbele iko kwa jirani, na jirani huyo hajaiomba. Ndoo inaifunga mipaka. Rozimeri nayo asili yake ni nchi za Mediterania, kwenye kiangazi kikavu na ardhi ya mawe inayopitisha maji. Masika yetu yanaozesha mizizi yake. Ikiwa kwenye ndoo, Aprili ukiona mvua imekaza unaisogeza upenuni. Ikiwa ardhini utaisogezaje?

Sasa tuingie kwenye giligilani, maana ndiyo inayotumika jikoni kila siku na ndiyo inayowashinda wengi. Giligilani ni mgeni wa harusi: imekuja kula, kucheza na kuaga, usiilazimishe kulala. Kazi yako ni kuhakikisha kundi moja likiaga lingine linaingia.

Kile mnachokiita mbegu, kile kiduara cha rangi ya udongo, ni tunda, na ndani yake mna mbegu mbili. Chukua kiasi cha kiganja, mwaga juu ya kibao cha chapati, pitisha mti wa kusukumia chapati kwa mkono mwepesi. Utasikia vinalia. Ukiona vimegawanyika vipande viwili viwili, acha. Usiendelee hadi vikawa unga, huo utautia kwenye mchuzi. Loweka usiku mmoja. Asubuhi chora mistari kwenye tuta, kina chake kisizidi ukucha wa kidole gumba, mstari na mstari uachane shubiri moja. Nyunyiza, fukia, tandaza nyasi kavu kidogo juu, kisha mwagia kwa chupa uliyoitoboa kifuniko. Usimwage maji kwa kopo, mbegu zitahamia upande mmoja wote.

Halafu subiri. Huchukua wiki moja hadi mbili kuchomoza, na mbegu zikiwa za zamani zinaweza kuvuka hapo. Siku ya tano wengi wenu huwa mmeshaanza kuchokonoa udongo kuangalia kulikoni. Iacheni. Ikishatokeza, ondoa nyasi ili isipinde, na palipobanana sana punguza miche. Hiyo uliyoing'oa ioshe uile, ni mitamu. Siku 40 hadi 50 tangu kupanda unaanza kuvuna. Kata majani ya nje kwa mkasi, uache moyo wa katikati. Na usisubiri tuta limalizike ndipo upande lingine. Gawa tuta vipande vitatu, kila baada ya wiki tatu panda kimoja, hapo hutakosa.

Mbegu za kupanda? Za dukani kwa ajili ya viungo zinaota, mradi hazijakaangwa wala hazijakaa dukani miaka. Zijaribu kwanza: funga mbegu 10 kwenye kitambaa kilicholowa, kiweke kivulini, kilowanishe kila siku, baada ya wiki moja au mbili fungua. Zikiota 7 ni njema. Zikiota 2, zirudi kwenye chombo cha bizari. Mkinunua za pakiti, angalieni lebo ya TOSCI, ambao ndio wathibitishaji wa ubora wa mbegu hapa nchini. Pakiti ya kupimwa kwa kijiko juu ya meza ya muuzaji siwezi kuitetea.

Msimu wake mzuri hapa kwetu ni kipupwe, Juni hadi Agosti, masika yamekata na jua halijawa kali. Januari na Februari inataabika. Joto likizidi, majani mapana yanageuka nyuzinyuzi, ladha inabadilika, maua yanatoka. Kama ni lazima upande wakati huo, simamisha kuti upande wa magharibi likinge jua la mchana. Na mche au miwili iliyokwisha kutoa maua msiing'oe. Nyuki wanaipenda, na zile mbegu zake zikiwa bado za kijani, ponda kidogo utie kwenye kachumbari, halafu njoo uniambie.

Kuna mimea ambayo haijui iko upande gani, na inachanganya watu. Mrihani ni mmoja. Ukisoma pakiti iliyotoka Ulaya, imeandikwa mmea wa msimu. Ni kweli kwa huko kwao: baridi kali ya kwanza inauua. Dar es Salaam hakuna baridi hiyo. Hapa kinachoumaliza mrihani ni kuachwa utoe maua na mbegu. Kila ukiona kile kishada cha maua kinachomoza kileleni, kibane kwa kucha pamoja na majani mawili ya chini yake. Pale ulipobana patatoka matawi mawili. Ukifanya hivyo bila uvivu unaweza kukaa nao mwaka na zaidi, hadi shina ligeuke kuni; hapo chukua tawi changa, litie kwenye maji, likitoa mizizi uanze upya. Isipokuwa kama unaupanda kwa ajili ya kikuba, kile kishada cha kunukia cha kujipamba, wenye kikuba wanataka maua, na ugomvi huo siuingilii.

Kivumbasi, ambaye ni jamaa wa mrihani, yeye ni kichaka na ni wa kudumu bila ubishi. Anapanda hadi kiunoni na zaidi, haombi maji mengi, na majani yake watu huyachoma au kuyaweka ndani kufukuza mbu. Muwekeni pembeni ya uwanja, kwa ruhusa. Ndoo haimtoshi.

Tangawizi na manjano vyenyewe asili yake ni vya kudumu, lakini tunavilima kama vya msimu. Tunapanda kipande chenye jicho mvua za Machi zikianza, majani yanakuja, miezi 8 hadi 10 yanakauka, tunachimba, tunakula, tunabakiza vya kupanda. Vinapenda kivuli chepesi na udongo uliolegea. Wenzetu wa milima ya Same ndio wanaojua kuilima tangawizi, lakini kiroba kimoja nyuma ya choo kinatosha chai ya nyumba. Kwa mpangaji, hesabu kwanza: ukipanda Machi utakuwepo Desemba? Kama huna hakika, panda kwenye kiroba.

Nimefika kwenye mchaichai, na huu nitauonyesha, maana maneno hayatoshi. Sogeeni mbele mlioko nyuma.

Kichaka hiki nimekichimbua nyumbani asubuhi. Mchaichai wetu huu ni nadra kutoa mbegu, kwa hiyo ukiuziwa mbegu za mchaichai uulize vizuri. Tunagawa kichaka. Usishike majani, yana makali, utakatika viganja. Shuka chini hadi pale shina linapokuwa jeupe, shika chipukizi moja la pembeni, livute kwenda nje na chini kwa mara moja. Mmesikia? Limetoka na kisigino chake, na mizizi hii mitano sita imening'inia. Bila kisigino hiki cheupe na kigumu ni jani tu, likipandwa linaoza. Sasa bandua maganda makavu ya nje, yanafuga wadudu. Majani kata, bakiza shubiri moja tu, maana mizizi hii michache haiwezi kunywesha majani marefu yote hayo. Wengi hapa huona huruma kukata, wanapanda na majani yake, kesho yake yamelala. Panda kina cha vidole vitatu, kandamiza udongo kwa ngumi, mwagia. Ndani ya wiki mbili hivi utaona jani jipya jembamba limesimama katikati. Ukiliona hilo, umepata.

Na kama huna jirani wa kumwomba, zile bua za mchaichai zinazouzwa sokoni, chagua zenye kisigino, zisimamishe kwenye glasi ya maji. Zinatoa mizizi.

Kuvuna, kata kwa kisu karibu na udongo, anza na bua nene za pembeni. Baada ya miaka miwili mitatu kichaka kinabanana, katikati panakufa. Kipindue nje ya ndoo, kigawe kwa panga, rudisha vipande vitatu, vingine gawa kwa watu. Mchaichai ambao haugawiwi unajinyonga wenyewe.

Nanaa haina mambo mengi. Ukinunua fungu, kabla hujalitia kwenye chai chagua vijiti vinne, kata chini ya kifundo, ondoa majani ya chini, weka kwenye glasi dirishani pasipopigwa jua kali. Badili maji kila baada ya siku mbili. Wiki moja au zaidi kidogo mizizi hiyo hapo. Ipande kwenye chombo kipana, beseni lililopasuka ni zuri kuliko ndoo ndefu, kwa kuwa inatambaa. Inataka unyevu na kivuli cha mchana. Ikikonda na kuwa na vijiti vitupu, ikate yote ibaki vidole viwili, itie samadi iliyooza, itarudi.

Rozimeri nitasema wazi: mkazi wa Mbagala anayeanza leo asianze na rozimeri. Inastawi Lushoto, Arusha, Mbeya, Njombe, na ile mnayoiona imejaa vizuri kitaluni huenda imetoka kwenye ubaridi. Ukiileta kwenye jasho letu hili inachukia. Anayeipenda sana aichanganyie udongo mchanga mwingi, nusu kwa nusu, aiweke juani kutwa, na asiimwagilie hadi achome kidole kwenye udongo akute pakavu hadi kiungo cha pili. Wengi wanaiua kwa mapenzi, kila asubuhi kopo, kila jioni kopo. Na ukivuna, kata vile vichwa laini vya kijani. Ukikata hadi kwenye mti mkavu usio na majani, tawi hilo halichipui tena.

Nigusie ndoo zenyewe. Ndoo za mafuta ya kula ni bora. Za rangi zisuguliwe hadi zitakate. Chombo kilichowahi kubeba dawa ya kuulia wadudu hakifai, hata ukikiosha mara ngapi. Toboa matundu matano au sita chini kwa msumari wa moto, weka kokoto au vigae kidogo, kisha udongo. Mchanganyiko: madebe mawili ya udongo, debe moja la samadi iliyokwisha kuoza. Iliyokwisha kuoza, narudia. Mbichi inaunguza mizizi. Mchanga wa kuongeza ni kwa ajili ya rozimeri tu, huku kwetu ardhi yenyewe tayari ni mchanga. Halafu fikirieni kuhama. Ndoo ya lita 20 ikijaa udongo uliolowa inakaribia kilo 30. Kwenye kirikuu si tatizo, ila kama mtahama kwa mkokoteni, tumieni za lita 10, na msimwagilie siku mbili kabla ya kuhama.

Miche midogo ilelewe kwenye viriba. Pakiti za maziwa zilizooshwa na kutobolewa chini zinafanya kazi hiyo vizuri, na tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku Juni 2019 hizo pakiti ndizo zilizobaki mkononi.

Maji. Hapa kuna jambo ambalo watu hawalisemi: visima vyetu vingine vina chumvi. Mkiona ncha za majani ya nanaa zinaungua rangi ya kahawia na udongo juu una ukungu mweupe mkavu, msilaumu mbolea. Kinga maji ya mvua kila inaponyesha, mwagia ndoo kwa wingi hadi maji yatoke chini kwa muda, yatasukuma chumvi nje. Maji ya kuoshea mchele na mboga tumieni bila wasiwasi. Maji ya kufulia yenye sabuni ya unga yapelekwe kwenye mpapai au mnazi, sio kwenye kiungo utakachokila kibichi jioni.

Na maji hayohayo yasituletee balaa lingine. Kile kisahani unachoweka chini ya ndoo kikituamisha maji siku kadhaa, mbu anataga. Mbu wa homa ya dengi anapenda sana vyombo vidogo vya nyumbani, na jiji hili lilishaiona dengi mwaka 2014 na tena 2019. Jaza kisahani mchanga, au usiweke kabisa.

Wadudu sitakaa sana. Vidukari wale wadogo wanaojazana kwenye vichwa vya mrihani na giligilani, waondoe kwa kidole na maji ya nguvu. Wakizidi, twanga majani ya mwarobaini kiasi cha viganja viwili, loweka usiku kwenye maji ya lita mbili, chuja, tia sabuni ya kipande kidogo, pulizia jioni. Asubuhi hapana, jua linaiharibu dawa hiyo haraka. Konokono wakubwa wa masika watafuteni usiku kwa tochi. Kuku hana dawa zaidi ya miiba au wavu. Nimeona watu wakiweka chupa za maji za rangi kuzunguka tuta, kuku anazitazama halafu anapita katikati.

Sasa kuna neno moja zito. Kila ninapokwenda kuzungumzia viungo, naulizwa vinatibu nini. Chai ya mchaichai ni nzuri, inatuliza, kunyweni. Nanaa inasaidia tumbo lililojaa gesi. Lakini mchaichai hautibu malaria. Na kuna ule mmea wa pakanga, ambao ni wa msimu, baadhi yenu mmepewa mbegu zake mkaambiwa mnywe kama chai. Ni kweli kwamba kutoka kwenye mmea huo ndimo inamotolewa artemisinini ya dawa mseto. Lakini kiwandani kipimo kinajulikana na kinachanganywa na dawa nyingine makusudi. Kwenye kikombe chako hakijulikani, na Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilisema haliungi mkono kutumia mmea wenyewe kwa namna yoyote kuzuia au kutibu malaria. Mtoto akichemka mwili, zahanati. Bustani itakusubiri.

Wala msidanganywe kwamba ndoo tatu za nanaa zitawatoa kimaisha. Fungu la giligilani sokoni halimfilisi mtu. Tunapanda kwa sababu ukinunua fungu unatumia nusu, nusu inaozea kwenye mfuko. Na kwa sababu giligilani iliyokatwa wakati wali unapakuliwa haifanani na ile iliyolala sokoni tangu alfajiri. Anayetaka biashara tukae siku nyingine, hiyo ina hesabu zake za maji, soko na usafiri.

Nipokee maswali machache.

Mama hapo anauliza kama anaweza kupanda mimea miwili kwenye ndoo moja. Inawezekana, ukioanisha inayokunywa sawasawa. Nanaa peke yake, kwa sababu ya kutambaa. Rozimeri peke yake, kwa sababu haitaki maji. Mrihani na vitunguu vya majani wanakaa pamoja bila shida.

Dada yangu anauliza kuhusu kukausha. Mchaichai, nanaa na rozimeri vinakaushika: fungeni matita madogo, ning'inizeni kivulini penye upepo hadi jani livunjike mkononi, halafu kwenye chupa yenye kifuniko. Sio juani, jua linapeleka harufu yote. Giligilani msijisumbue, ikikauka haina ladha. Ioshe, ikatekate, igandishe na maji kidogo kama una friji.

Mzee anauliza mti wa majani ya mchuzi ataupata vipi, maana alipewa mbegu kavu na hazikuota. Haziwezi kuota, babu. Mbegu zake hupoteza uhai upesi sana zikikauka. Tafuta mwenye mti, ngojea matunda yake yaive hadi yawe meusi, menya nyama, panda siku hiyohiyo. Au angalia kuzunguka shina lake, hutoa machipukizi kutoka mizizini. Chimba moja na mzizi wake. Wewe uko kwenye nyumba yako mwenyewe, kwa hiyo uupande ardhini na ukae nao.

Vipande vya mchaichai viko kwenye beseni, nimevigawa tayari na visigino vyake. Katibu ataita majina. Mwenye ndoo iliyokwisha kutobolewa na udongo ndani achukue viwili, avipande kabla ya magharibi. Ambaye hana ndoo bado asichukue leo, avikute kwa mwenzake mwezi ujao vikiwa vimeshachipua. Na asante kwa chai, ingawa nanaa yake mmeichemsha sana. Itieni mwishoni, chai ikishaepuliwa.